Herufi Moja

Jumapili redioni wamemleta Ubaldo Ferreyro,
miaka themanini na mmoja, sauti imekwaruzika kama santuri ya zamani.
Wanamuuliza juu ya Ema Cardales, rubani wa mizigo,
juu ya picha ile ya mwisho:
ndege inayeyuka katika ukungu wa Patagonia,
na kiputo kimoja cheupe chenye neno moja,
"Nitarudi."

Ubaldo anakohoa.
"Hakurudi. Sikuwahi kukusudia arudi.
Alifia kwenye mawingu yale, na huo ndio ukweli,
maana mimi ndiye niliyemzaa."

Basi Rosario imeingia vitani.
Kwa Hipólito muuza magazeti, vijana wenye mvi
(vijana, ndiyo; niliwajua na chunusi zao)
wanagombana huku mkate unapoa kwapani.
Mmoja asema: mtunzi kasema, mjadala umefungwa.
Mwingine: kasema wapi? Ukurasa wa ngapi?
Kilicho nje ya fremu ni porojo za mzee na kahawa yake.
Wa tatu, fundi wa lifti, amelichanja neno lile mkononi.
Hasemi kitu. Anashusha mkono wa shati.

Hakuna anayeniuliza mimi.
Mwandishi wa herufi, nani anamjua?
Jina langu, Nélida Basualdo, lilichapwa mara mbili katika miaka kumi na mmoja,
na mara moja walilikosea.
Ubaldo alitunga, Drago alichora,
mimi nilijaza viputo kwa nibu ya chuma,
senti kadhaa kwa kiputo,
ukelele ukilipwa sawasawa na mnong'ono.

Usiku ule wa Julai stovu ilikuwa imeishiwa mafuta.
Karatasi ya Ubaldo, ya taipureta iliyong'oka jino,
ilisema: "Sitarudi."
Naikumbuka. Ilikuwa mbele yangu, chini ya taa.
Niliandika N.

Ulikuwa usingizi? Zilikuwa ganzi za vidole?
Kaka yangu Rogelio alikuwa ametimiza siku arobaini
tangu atoke na koti la kuazima kwenda kununua betri za redio.
Mama bado alimwekea sahani.
Sisemi hiyo ndiyo sababu.
Nasema sahani ilikuwepo,
na chupa ya rangi nyeupe ya kufutia makosa
ilikuwa karibu na kiwiko changu,
na sikuifungua.

Gazeti lilipotoka Ubaldo alinipigia simu.
"Nélida, umenifufulia maiti."
Akacheka, akakata.
Hakulisahihisha toleo la pili,
wala la tano, wala kitabu chenye jalada gumu.
Hundi zilikuja, akazipokea.

Sasa nimsikilize nani,
aliyebeba mimba ya neno, au mkono uliolizalisha?
Maji yakimwagika hayazoleki, twaambiwa.
Na wino je, uliokwisha kunywewa na ngozi ya fundi wa lifti?
Lakini nikiwa mkweli, hoja yangu nayo ina tundu:
kama neno lake la nje ya ukurasa si kitu,
hili langu nalo si kitu.
Nikishuka leo kwa Hipólito nikasema, "Ilikuwa S,"
nitakuwa bibi mwingine na kahawa yake.
Nikinyamaza, je, huko si kusema?

Mtangazaji anamshukuru mzee. Linafuata tangazo la sabuni.
Nazima. Natoa betri, kama ninavyotoa kila mara,
naziweka ndani ya sahani.

Kisha nafungua lile toleo, karatasi imekuwa rangi ya chai.
Hapo N imesimama,
mguu wa kulia umezidi kidogo kwa urefu,
kama mtu aliyekwisha kukanyaga ngazi ya ndege
halafu akasikia anaitwa.